Mama Mkwe Alipewa Nusu Mpira, Mimi Nikajifanya Kocha

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunitafutia udhuru, maana nawajua watu wetu: mtu akilia kidogo tu, utasikia "ni shetani huyo". Shetani hakuwepo. Nilikuwepo mimi, na dera langu, na simu yangu.

Mashoga zangu siwezi kuwaambia, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakinipigia makofi. Mama yangu mzazi, Mbondei wa Muheza, nikimwambia atanifuata na mwiko hadi huku. Basi nawaambia nyinyi msionijua. Majina yote nimeyabadilisha. Aibu ndiyo ya kweli.

Naishi Ngamiani, hapa Tanga mjini. Nina watoto watatu na mume ambaye ni fundi wa malori, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Mama yake, nitamwita Bi Mize, ni mtu wa Pemba. Alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Wallahi tangu aingie nyumbani kwangu sijapata kusikia neno baya kinywani mwake! Hata siku nilipozidisha chumvi kwenye mchuzi, alionja, kisha akasema, "Leo pwani iko karibu." Akala akamaliza.

Huyo ndiye niliyemtenda.

Mwaka jana alianguka. Alikuwa akienda kwenye hitima nyumba ya tatu kutoka kwetu, akapita kwenye ubao uliowekwa juu ya mtaro, ubao ukageuka. Kifundo cha mguu wa kulia kikavunjika. Akafungwa hogo, ile plasta ngumu, wiki sita. Lilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda kama si wake.

Hospitali wakatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Kishambaa kutoka Lushoto, nitamwita Dada Eliza. Alimwamkia Bi Mize shikamoo, akapiga magoti sakafuni, akaushika ule mguu kama mtu anayepima embe kama limeiva.

"Bibi, mfupa umeunga vizuri," alisema. "Ila mguu umesahau kazi yake. Ulilala ndani ya hogo muda mrefu, sasa haujui lini unayumba na lini umetulia. Tusipoufundisha upya, utakuangusha tena."

Mafunzo yenyewe yalianza pale pale kliniki. Kwanza alimsimamisha sakafuni akiwa ameshika meza, kwa siku kadhaa, mpaka akaridhika. Ndipo akatuonyesha kile kifaa. Ni nusu ya mpira mkubwa, chini kina ubao bapa, juu kimetuna laini kama tikiti lililokatwa katikati na kufunikwa. Mtu anasimama juu yake, anayumba kidogo, na katika kule kuyumba misuli ya kifundo inajifunza kumshika. Robo saa asubuhi, robo saa alasiri, na mapumziko katikati.

"Lakini asipande peke yake," Dada Eliza alisema akinitazama mimi. "Usimame mbele yake umshike mikono yote miwili. Yote miwili, dada. Mpaka nitakaposema mimi."

Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora. Akanipa daftari lenye vyumba vilivyochorwa kwa rula, tarehe zimeshaandikwa, kila siku vyumba viwili. Mkifanya, weka tiki. Mume wangu akaagiza nusu mpira Dar kwa dereva wa lori, ukaja wa rangi ya bluu. Siku ulipofika, majirani walikuja kuutazama. Mmoja aliuliza kama unapikiwa.

Siku tatu za kwanza nilikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Bi Mize alisema bismillahi, akapanda, mikono yake baridi ndani ya mikono yangu, akahesabu kwa kunong'ona kama anavuta tasbihi. Siku ya tatu alifika kumi na mbili bila kuyumba sana. Akashuka, akacheka, meno yake machache yote nje. "Bado nimo, mwanangu!"

Laiti ningeishia hapo!

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, Bi Mize alikuwa amejilaza. Nyumba kimya, watoto shuleni. Nikautazama ule mpira. Nami baada ya mtoto wa tatu tumbo langu lilikuwa halijarudi, jamani, na kioo kilikuwa hakinifichi. Nikasema ngoja nijaribu.

Nikapanda. Miguu ikatetemeka, tumbo likatetemeka, hata mashavu! Nikakaza, nikatulia. Nikanyanyua mguu mmoja. Mwee! Nilijiona kama yule mdada wa kwenye video za mazoezi. Nikashuka, nikaiegemeza simu kwenye sufuria la wali, nikapanda tena, nikajirekodi. Nikatupia kwenye stetasi.

Kabla ya alasiri simu ilikuwa imejaa mioyo myekundu na vimoto. "Mwenzetu siri gani hiyo?" "Mashallah kiuno!" "Kumbe unafundisha?" Hilo swali la mwisho ndilo lililonimaliza. Sikuwa nafundisha kitu. Nilikuwa naosha vyombo.

Aliyeuliza ni Mama Nasra, tuliyesoma naye sekondari. Yeye Mungu kamjaalia, anakaa Raskazone kwenye nyumba ya zamani yenye uwanja mpana na mageti. Akapiga simu.

"Njoo utufundishe, shoga. Tuko wanawake kumi, sote magoti yanaalika kama milango. Saa kumi unaweza?"

Nilitakiwa niseme: kile ni kifaa cha mgonjwa, na saa kumi ndiyo zamu yake. Nikasema, "Saa kumi niko huru."

Bi Mize alikuwa ameshajitayarisha, amejifunga kanga kiunoni, ameketi kwenye kiti anasubiri. Nikamwambia, "Mama, daktari kapiga simu. Kasema tuupumzishe mguu kidogo."

"Kasema?"

"Kasema."

"Haya. Yeye ndiye ajuaye." Akaifungua ile kanga taratibu, akaikunja.

Nikaita bajaji, nikaupakata mpira kama mtoto aliyetoka jandoni, hao Raskazone.

Ndugu zangu, kupewa cheo usichokisomea ni ulevi! Siku ya kwanza waliniita mwalimu. Siku ya tatu nilikuwa Kocha. Nikanunua filimbi. Nikanunua suruali ya kubana nikawa naivaa chini ya dera, na dera nalivua nikishafunga geti. Mpira ulikuwa mmoja na wanawake kumi, kwa hiyo mmoja alipanda na tisa wakasimama juu ya mito ya makochi ya Mama Nasra, mimi napita katikati na filimbi yangu, nawanyoosha mabega watu walionizidi umri na akili.

Mazoezi yenyewe nilikuwa nayatazama kwenye simu ndani ya bajaji. Kizungu changu msiniulize, ni kile cha kidato cha nne kilichopita dirishani. Yule mwalimu wa kwenye video kila dakika alikuwa akisema neno ambalo mimi nilisikia "koo". Kaza koo. Basi nami nikapuliza filimbi.

"Kazeni koo! Usilegeze koo! Nguvu zote kooni!"

Wanawake kumi wa heshima, wake za watu, wakakaza koo mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Mmoja akakohoa, akakohoa, akaletewa maji. Nikamwambia hiyo ni dalili kwamba mafuta yanatoka. Ni Dada Eliza aliyekuja kuniambia baadaye kwamba neno lile ni misuli ya tumbo na kiuno, ile inayomshika mtu asianguke. Wiki tatu nzima tulikaza koo!

Na maswali nilijibu. Sikuacha hata moja.

"Kocha, hii inasaidia presha?"

"Sana."

"Na gesi?"

"Gesi ndiyo ya kwanza kuondoka."

Mama mmoja mtu mzima akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kifaa kile kinaweza kumrudisha mume aliyeoa mke wa pili. Nilifikiri. Wallahi nilisimama nikafikiri! Nikamjibu, "Inategemea unavyosimama." Akashukuru, akarudi kwenye mto wake, siku hiyo akasimama kuliko wote.

Mnacheka. Nami nilikuwa nacheka. Huku Ngamiani Bi Mize anakaa barazani.

Mwanzoni nilikuwa najiambia tutafanya asubuhi, jioni tu ndiyo imetuponyoka. Asubuhi ikifika nimechoka, mgongo unauma kwa ukocha. Wiki ya pili nikaona kubeba mpira kila siku kwenye bajaji ni taabu, nikauacha Raskazone. Mume wangu alipouulizia, nikamwambia nimeuweka kabatini watoto wasiuchezee. Akamgeukia mama yake.

"Mama, mazoezi yanakwendaje?"

"Alhamdulillahi," Bi Mize akajibu.

Nikadhani nimebahatika. Sikujiuliza kwa nini hakusema zaidi.

Jioni moja nilirudi nimetota jasho, nikamkuta anasuka ukili. Mikono yake ilikuwa haitulii, ile mikeka yake ya rangi watu walikuwa wakiiulizia mpaka Chumbageni. Akaninyanyulia macho.

"Umerudi, mwanangu? Miguu haikuumi?"

"Miguu gani, mama?"

"Yako. Kusimama muda mrefu si mchezo."

Nikacheka, nikasema sokoni kulikuwa na msururu. Akasema, "Ah, sokoni," akaendelea kusuka.

Na daftari je? Daftari lilikuwa linameremeta. Kila Ijumaa nilikaa kitandani nikajaza wiki nzima. Nilitumia kalamu ya bluu asubuhi na nyeusi alasiri, ili uwongo usifanane. Siku nyingine nilipinda tiki kidogo, kama mtu aliyeandika amesimama. Kama bidii ile ningeiweka kwenye ule mguu, Bi Mize leo angekuwa anaruka kamba.

Siku ya kliniki ikafika. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, tukaenda wote watatu. Dada Eliza akafungua daftari, uso ukamchanua.

"Mashallah! Hamjakosa hata siku moja! Wagonjwa wangu wote wangekuwa hivi!" Akafunua ukurasa. "Mpaka Idi mmefanya." Akafunua tena, akasita. "Na kesho pia?"

Nilijaza mpaka kesho! Usiku wa kuamkia kliniki, kwa wepesi wa mkono, nilikuwa nimevuka leo, nimeingia kesho na kesho kutwa. Mume wangu akacheka, akasema mke wangu ana haraka. Mimi nikacheka pia, kicheko cha mtu anayenyongwa.

Kisha Dada Eliza akamsimamisha Bi Mize kati ya vyuma viwili, akamwambia anyanyue mguu wa kushoto, asimamie ule wa kulia. Alikuwa karibu yake, mikono tayari. Bi Mize akanyanyua. Hakufika hata mbili. Akayumba, akadakwa. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu mguu ukatetemeka tu.

Dada Eliza hakuwa anatabasamu tena.

"Wiki tano, mara mbili kwa siku, na uko nyuma ya pale tulipoanza." Akamtazama usoni. "Bibi, niambie ukweli. Mnafanya kweli?"

Jamani, moyo wangu! Ilikuwa nafasi yangu hiyo, mlango umefunguliwa wazi. Nikatazama bango la ukutani.

"Twafanya, mwanangu," Bi Mize akasema. "Mie ndiye mzito. Mkaza mwanangu hana kosa, yuanishika vizuri."

Mume wangu akanipapasa begani, kunifariji.

Dada Eliza akatoka, akarudi na daktari. Wakampima upya, wakamgongagonga magoti, wakamwambia afumbe macho na aguse pua. Wakanong'ona. Mwisho wakamwambia mume wangu kwamba mtu aliyefanya mazoezi yote yale bila kupata nafuu huenda ana tatizo jingine: mishipa ya fahamu, au kichwa. Afadhali apelekwe Moshi, kwenye vipimo vikubwa. Na huko, kama itabidi, hata upasuaji.

Bi Mize akauliza jambo moja tu. "Upasuaji wa kichwa?"

Daktari akainamia karatasi, akaanza kuandika barua ya Moshi.

Mtu mwenye imani angesema pale pale. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza hesabu ya kijinga: safari ya Moshi ni Jumatatu, leo Alhamisi. Nikikazana naye siku tatu, asubuhi mchana na jioni, mguu utashtuka, atasimama vizuri, mume wangu atasema ah, mama kapona, safari ivunjwe, na hakuna atakayejua! Wiki tano ndani ya siku tatu. Ndiyo akili ya kocha hiyo.

Nikamwendea Mama Nasra mbio kuuchukua mpira. Akashangaa, maana Jumamosi tulikuwa na onyesho, fulana zimeshachapishwa, yangu imeandikwa KOCHA mgongoni. Nikamwambia mpira unahitaji sevisi.

Ijumaa asubuhi nikampandisha Bi Mize. Alikuwa amejaa hofu. Vidole vyake vilinibana mpaka vikaacha alama. Nikamshusha, nikampandisha. Baada ya swala nikampandisha tena. Hakulalamika, ila jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na mguu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Mwanangu, tupumzike."

"Kidogo tu, mama. Kidogo tu."

Simu ikalia. Ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya dera. Nikajua ni Mama Nasra. Ikakata, ikalia tena. Nikasema nimwambie tu kwamba nitapiga baadaye, asije akafikiri onyesho limevunjika. Nikauachia mkono mmoja.

Mkono mmoja, kwa muda wa kusema "haloo"!

"Kocha! Mpira umeshapona?" ndivyo nilivyosikia sikioni, na wakati huo huo Bi Mize akaenda upande, akaniponyoka, akaangukia ule mkono alioutanguliza. Nilisikia mlio. Sitausahau.

Mpira ulibingirika mpaka mlangoni. Bi Mize yuko chini, ameukumbatia mkono wake wa kulia, midomo imekuwa myeupe. Simu bado iko sikioni mwangu, Mama Nasra anaita haloo, haloo. Na yule mama, kwa maumivu yote yale, akaninyanyulia macho, akasema bila hasira hata kidogo:

"Malizana nao kwanza, mwanangu. Usiwaache watu wanangoja."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Anajua yote!

Hospitali wakasema ni kifundo cha mkono, pale panapofungwa saa. Hogo tena. Mume wangu alitoka gereji na grisi mikononi, akamkuta mama yake kwenye benchi la korido. Dada Eliza alikuwa ameshafika.

"Imekuwaje, mama?"

"Niliteleza."

"Umeteleza wapi?"

"Hapo hapo uwani, baba. Yameshapita."

Mume wangu akapumua. "Basi Jumatatu Moshi wataangalia na huo mkono."

Sikuweza tena. Sijui ilinitoka vipi. Nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimekaa chini kwenye sakafu ya hospitali, watu wanapita, wananiruka.

"Haendi Moshi," nikasema.

"Nini?"

"Mguu wake hauna ugonjwa. Haukufanyishwa mazoezi. Zile tiki niliziweka mimi."

"Zote?"

"Isipokuwa za siku tatu."

Nikasema na mengine: Raskazone, filimbi, mpira uliolala kwa watu wiki tatu, simu. Mume wangu hakunipigia kelele. Alikuwa anajitazama mikono, anajifuta grisi kwa kitambaa, anafuta, anafuta, na mikono imeshatakata.

Dada Eliza ndiye aliyesema.

"Dada, jana nilikaa na wenzangu tukajadili ubongo wa bibi huyu. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ungeniambia umechoka, ningekutafutia njia. Ungeniambia huna nafasi, angekuja hapa kliniki, au tungemfundisha jirani. Kuchoka nina dawa yake. Hizi tiki nikufanyie nini?"

Nikamshika Bi Mize miguu. Akajaribu kuniinua kwa ule mkono mzima.

"Msimzonge mwenzenu mbele za watu," aliwaambia. Kisha akaniambia mimi, polepole, "Nilijua siku nyingi. Binti wa jirani alinionyesha kwenye simu. Nikakuona umesimama juu ya kile kidude, umenawiri, wacheka. Nikasema, mwache. Tangu nije nyumba hii sijamwona akicheka vile. Nikadhani utatosheka, urudi."

Afadhali angenitukana! Wallahi afadhali angenilaani! Alikuwa amenipa furaha yangu kwa mguu wake, na mimi sikujua hata kwamba napewa.

Safari ya Moshi ilifutwa. Siku ya pili mume wangu alimchukua mama yake, na godoro lake, na ule mpira, akawapeleka Kigombe kwa wifi yangu, dada yake mkubwa. Nilikimbilia mlangoni nikasema nitamtunza, nipe nafasi. Akanitazama kidogo.

"Wewe pumzika, Kocha," alisema.

Neno lile nililolipenda! Alilisema kwa upole kabisa, na mpaka leo halijanitoka mwilini.

Mama Nasra nilimpigia nikamwambia ukweli wote, huku nalia. Akasikitika sana. "Maskini! Pole, shoga yangu, mpe pole bibi." Akanyamaza kwa heshima, kama pumzi mbili. "Kwa hiyo mpira utarudi lini?" Haikupita wiki walishapata kocha mwingine, huyo ana mpira mzima, na nasikia yeye anakaza magoti. Fulana yangu aliivaa yeye. Yule mama aliyetaka mumewe arudi ndiye pekee aliyenipigia kuuliza hali ya Bi Mize. Mumewe hajarudi, lakini anasema goti lake halimsumbui tena, na hajali sana.

Kigombe nilipoenda mara ya kwanza, wifi akanipokea mlangoni, akapokea na mikate ya kumimina niliyobeba, akafunga mlango. Mara ya pili alisema mama amelala, na mimi nilimsikia anakohoa ndani. Mara ya tatu Bi Mize mwenyewe aliita, "Mwache apite, huyo ni mama wa wajukuu zangu."

Wifi ndiye anayemfanyisha mazoezi sasa. Bi Mize ameshafika ishirini kwa mguu mmoja, anatembea mpaka msikitini bila fimbo. Mguu umepona, alhamdulillahi, umepona kwa mazoezi yale yale Dada Eliza aliyotuonyesha tangu mwanzo. Mkono ndio uliobaki. Mfupa umeunga, lakini kidole gumba hakikazi, ukili unamponyoka. Nilimkuta ameshika miyaa miwili mitatu ya kusukia, anajaribu, inateleza, anaiokota, anajaribu. Aliponiona akaiweka chini ya mto.

Nikamwomba radhi siku hiyo, magotini.

"Radhi nilishakupa kule kule hospitali," alisema. "Sina kinyongo nawe. Lakini kunishika, bado. Nikikupa mikono mwili wangu waogopa, na mie siwezi kuuamuru."

Basi naenda kila Jumapili. Wifi anamshika mikono yote miwili, mimi nakaa kwenye mkeka, nahesabu. Ndiyo kazi niliyoaminiwa, kuhesabu kwa sauti, na wifi anahesabu pia kimoyomoyo kuhakikisha sizidishi. Mume wangu tunaongea, tunakula pamoja, lakini nikimwambia watoto wameoga, anakwenda kuwanusa.

Wenzangu, msinihurumie. Nimeandika ili mwenye kutaka kusikia asikie. Ukikabidhiwa mgonjwa na umechoka, sema umechoka! Hakuna atakayekula nyama yako. Utaitwa mvivu siku mbili, ya tatu atapatikana wa kukusaidia. Usiseme "tumefanya" na hamjafanya, kwa maana daktari atatibu kile ulichoandika, na mgonjwa ndiye atakayelala kitandani. Na nyinyi mnaofundishwa mazoezi na mtu mwenye filimbi, muulizeni filimbi kaipata wapi!

Na wewe unayesoma haya mpaka hapa, kama kuna mtu chumba cha pili ambaye uliahidi kwenda kumshika mikono, mimi nimeshamaliza. Weka simu chini. Nenda.